Makala za nyuma ya kamera kwa filamu za kutisha na kuchekesha za bei chee: nianze na ipi?

Kijana wa Msamvu
Wakuu, salaam. Mimi na wenzangu hapa Morogoro tunataka kushuti filamu fupi ya vichekesho: zimwi limevamia saluni ya kike. Tuna simu moja nzuri, taa za kukodi, na saluni ya dada yangu kila Jumapili. Makala nyingi za nyuma ya kamera nilizoona ni watu wamekaa kwenye viti wanasifiana tu. Ipo inayoonesha kazi inavyofanyika pasipo hela?

Fundi Sauti
Mdogo wangu, tafuta Good Taste Made Bad Taste ya 1988, kazi ya Tony Hiles. Haifiki nusu saa. Inamwonesha Peter Jackson, yule mwongozaji wa The Lord of the Rings, kabla dunia haijamjua, kijana wa Pukerua Bay kule New Zealand, nyumbani kwa wazazi wake. Filamu yenyewe, Bad Taste, inahusu mijitu ya sayari nyingine iliyokuja kuvuna nyama ya binadamu kwa ajili ya biashara ya vyakula. Aliishuti wikiendi kwa wikiendi, takriban miaka 4, kwa sababu siku za kazi alikuwa ameajiriwa kwenye gazeti moja la Wellington. Waigizaji ni marafiki zake.

Utamu uko pale anapotoa vifaa vyake. Barakoa za mijitu ziliokwa kwenye oveni ya mama yake, na vichwa vikapewa umbo la kuenea humo. Nimeshakaa na waongozaji wanaoeleza falsafa ya kila kivuli, kumbe mwenzao alipimia oveni! Halafu kuna pambano la ukingoni mwa jabali, Jackson anapigana na Jackson: mmoja ana ndevu, mwingine kanyoa. Hebu fikiria, ndevu zinasubiriwa ziote ndipo washuti.

Kamera ilikuwa Bolex, ya springi inayojazwa kwa mkono kama saa za zamani, haichukui sauti hata kidogo. Kila neno na kila kishindo viliingizwa baadaye. Hapo ndipo nakuomba usikie mtu wa fani yangu: saluni ina feni, ina draya, nje kuna bodaboda. Chukua mazungumzo papo hapo, zima vyote, lakini mikato ya shingo na milio ya zimwi itengenezeni chumbani usiku. Kabichi, ukilivunja karibu na maiki, linatosha mifupa ya mtaa mzima.

Bi Mkora
Msimdanganye mtoto wa watu. Huyo Jackson alisaidiwa na Tume ya Filamu ya nchi yake. Huku nani atakupa?

Fundi Sauti
Kweli dada, walimsaidia kuimalizia. Ila walikuta tayari kuna kitu cha kutazama.

Jirani wa Kampala
Kwa nini mnakwenda mbali hivyo? Tazameni Once Upon a Time in Uganda, ya 2021, inayohusu mwongozaji Isaac Nabwana na studio yake ya Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala. Wao zaidi ni mapigano na vichekesho kuliko mazimwi, lakini damu ni damu: kondomu iliyojazwa rangi nyekundu, ikipasuka mtu ameshapigwa risasi. Silaha wanachomelea wenyewe kutoka kwenye vyuma chakavu.

Kijana wa Msamvu
Kondomu! Dada atanifukuza saluni.

Bi Mkora
Basi ongeza na One Cut of the Dead ya Wajapani, 2017. Hiyo si makala, ni filamu, ila nusu ya pili inageuka kuonesha jinsi nusu ya kwanza ilivyoshutiwa. Dakika 37 za mwanzo zimeshutiwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikuzimwa. Ukichoka nazo usizime, vumilia. Na majina ya mwisho yakipita usiinuke, maana hapo wanaonekana mafundi wenyewe wakikimbia na kamera.

Fundi Sauti
Hiyo nakubaliana nawe. Kijana, damu ya sukari na rangi ya chakula inavuta sisimizi balaa. Mwambie dada aondoe taulo zake nyeupe kabla hamjaanza.