Pikapu ya umeme Minnesota: maili ngapi kwa chaji zinatosha kweli?

Mtanga_MN

Wakuu, habari za majukumu. Nataka kuachana na pikapu ya petroli nichukue ya umeme iliyotumika. Niko Brooklyn Park, kazi ni usafi wa majengo, na majira ya joto ni kukata nyasi. Siku ya kawaida ni maili 60 hadi 75 ndani ya Minneapolis na St. Paul, vituo sita au saba. Mara mbili kwa mwezi naenda Duluth, maili 150 na ushei kwenda tu, nikikokota trela ya boksi ya futi 14 yenye mashine. Gari linalala gereji ya nyumbani.

Machaguo ni matatu: Ford F-150 Lightning ya betri ndogo iliyoandikwa maili 230, Lightning ya betri kubwa iliyoandikwa 320, na Chevrolet Silverado EV iliyoandikwa 450. Bei zinapishana sana, na unafuu wa kodi wa serikali kuu ulikoma tarehe 30 Septemba 2025, kwa hiyo kila dola inatoka mfukoni mwangu. Naomba wenye uelewa mniambie: nihitaji maili ngapi, nisije nikalipia betri ninayoizungusha bure mjini?

Fundi_Umeme_Dodoma2MSP

Mkuu, weka maili pembeni kwanza, uhesabu kWh, yaani uniti zile zile za LUKU. Maili hubadilika kwa baridi, mwendo na trela. Uniti zilizomo kwenye betri hazibadiliki hivyo.

Lightning ndogo ina uniti 98 za kutumika, kubwa ina 131. Silverado ya maili 450 ina takriban 205. Sasa tafuta gari linakula uniti moja kwa maili ngapi katika kila hali uliyoitaja:

- Mjini, hali ya hewa nzuri: maili 2.2 hadi 2.5 kwa uniti.
- Barabara kuu, maili 70 kwa saa, hakuna upepo: 1.9 hivi.
- Mjini Januari, vituo vingi, hita inawaka: 1.4, na siku mbaya hata chini ya hapo.
- Trela ya boksi, maili 65 kwa saa: 1.0 hivi. Ukiongeza baridi kali, 0.85.

Hiyo ni Lightning. Silverado ni nzito zaidi, ipunguzie kidogo.

Siku yako ya kazi ya maili 75 mwezi Januari inakula uniti 54. Lightning ndogo ukiichaji mpaka asilimia 90 na kurudi nyumbani na 10, unazo 78. Inatosha na chenji inabaki. Kwa kazi ya kila siku hilo gari la maili 230 halina tatizo lolote, hata baridi ikiuma.

Tatizo lako ni Duluth. Maili 150 na trela ya boksi ni uniti 150 kiangazi, na takriban 175 baridini. Betri ndogo inataka kusimama mara mbili njiani. Betri kubwa inasimama mara moja kiangazi, na baridini kusimama huko ni kurefu. Silverado inafika bila kusimama kiangazi, ila Januari utaingia Duluth na chaji ndogo sana. Usinunue ukidhani 450 ni 450 ukiwa na trela. Trela ya boksi inakula nusu ya umbali, na haichagui kampuni iliyotengeneza gari.

Dereva_I35

Naungana na fundi kwa hesabu, ila hitimisho langu ni tofauti. Chukua betri kubwa kadiri pochi inavyoruhusu. Sababu ni kwamba barabarani hutumii betri nzima. Unachaji kwa kasi kuanzia asilimia 10 mpaka 80 tu, maana juu ya 80 chaja inapunguza mwendo na unakaa pale unaangalia namba. Kwa hiyo kati ya kituo na kituo una asilimia 70 ya betri. Lightning ndogo hiyo ni uniti 69, kubwa ni 92, Silverado 143. Ukiwa na trela baridini kwa 0.85, ni maili 58, 78 na 120. Maili 58 kati ya vituo, halafu kituo kimoja kikiwa kibovu, umekwama.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: vituo vingi vya kuchaji vimejengwa kama maegesho ya magari madogo. Ukiwa na trela huingii. Inabidi ufungue trela, uiegeshe mahali, uchaji, urudi kuifunga. Ongeza dakika 15 au 20 kila mara, na kwenye barafu ni kazi mbaya. Kila kituo unachoepuka ni faida kubwa kuliko dakika za chaja zenyewe. Lightning na Rivian R1T (pikapu nyingine ya umeme) tundu la chaji liko mbele kushoto, hivyo unaingiza pua na wakati mwingine trela inabaki nyuma bila kufunguliwa kama nafasi ipo. Silverado na Cybertruck ya Tesla tundu liko nyuma, sahau kuchaji ukiwa umefunga trela isipokuwa kituo ni cha kupita moja kwa moja.

Mama_Zawadi

Kaka Dereva, mbona unamwambia mtu abebe betri ya uniti 205 siku 28 za mwezi kwa ajili ya siku mbili? Silverado hiyo ina uzito unaozidi pauni 8,000 bila mzigo. Inakula tairi na inakula umeme zaidi mjini kila siku ya kazi. Nyumbani nako, kwa chaja ya ampea 48, kuitoa asilimia 10 mpaka 80 ni saa 13 hadi 14, usiku mmoja hautoshi.

Mkuu Mtanga, kabla ya kuongeza betri, punguza ulaji. Pale kwenye trela ndipo pesa ilipo:

Mwendo kwanza. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 70 kushuka 60 unapunguza ukinzani wa hewa kwa zaidi ya robo. Na angalia upepo wa mbele: ukienda 65 na upepo wa maili 20 unakuja usoni, gari linapambana na hewa ya maili 85. Siku hiyo hesabu zote za hapo juu zinaharibika, hata kama barabara ni tambarare.

Pili, umbo la trela. Kinachokula uniti ni lile boksi lililosimama juu kuliko paa la gari. Uzito ni jambo dogo kwenye tambarare. Mashine za nyasi zile zile ukizipakia kwenye trela ya wazi, chini ya usawa wa kioo cha nyuma, Lightning inaweza kurudi kwenye maili 1.4 kwa uniti ukienda 60 hadi 62. Uzito unauma kwenye mlima na unapoanza kuondoka taa nyekundu, ila nyingi ya hiyo unarudishiwa gari likijichaji kwenye mteremko na wakati wa kupunguza mwendo.

Tatu, tairi. Zile za matope zenye meno makubwa zinakata mpaka asilimia 10 ya umbali. Wewe unafanya kazi za maegesho ya ofisi, huzihitaji.

Kuhusu baridi, AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walipima magari ya umeme mwaka 2019: kwa nyuzi 20 za Fahrenheit na hita ikiwaka, umbali ulishuka wastani wa asilimia 41. Sehemu kubwa ni hita. Lightning za 2022 na 2023 hazina pampu ya joto (inayovuta joto la hewa ya nje), zina hita ya kawaida. Pampu iliingia na toleo la 2024. Kwenye baridi ya kawaida pampu inaokoa, ila nyuzi zikishuka chini ya -20 Selsiasi haina msaada mkubwa, usiilipie kupita kiasi. Kiti na usukani wa moto vinakula wati mia chache tu, wakati hita ya kabati, yaani ndani mnamokaa watu, inapoanza kupasha inavuta kilowati kadhaa. Kwa mtu wa vituo saba, kila ukirudi garini kabati limepoa, hita inaanza upya. Weka joto chini, washa kiti.

Asubuhi ipangie gari saa ya kuondoka likiwa bado limechomekwa, lipashe kabati na betri kwa umeme wa ukutani. Hapo unaondoka na uniti zako zote.

Mtanga_MN

Asanteni sana, mmenifungua macho. Maswali mawili. Nyumba ina paneli ya umeme (boksi la breka, swichi za kinga) ya ampea 100, ya zamani. Naweza kuweka chaja? Na je, soketi ya kawaida ya volti 120 haitoshi nikichomeka usiku kucha?

Fundi_Umeme_Dodoma2MSP

Ya 120 sahau. Inatoa kilowati 1.4. Saa 12 ni uniti 17, na baridini sehemu kubwa inaishia kupasha betri tu. Utaamka gari liko pale pale.

Paneli ya 100 inawezekana, ila fundi mwenye leseni afanye kwanza hesabu ya mzigo wa nyumba: jiko, kikausha nguo, kiyoyozi. Usilazimishe chaja ya ampea 48. Iweke 32 kwenye breka ya 40, unapata kilowati 7.7. Saa 10 ni uniti 77 ukutani, takriban 69 zinaingia kwenye betri. Siku yako mbaya ni 54. Umemaliza.

Kanuni ambayo watu wanaivunja: chaja ni mzigo wa muda mrefu, haitakiwi kuzidi asilimia 80 ya breka. Ampea 32 inataka breka ya 40, 40 inataka 50, na 48 inataka 60. Kosa linaloonekana sana ni mtu kuweka chaja ya 48 kwa waya wa Romex 6/3 (kebo ya nyumbani yenye nyaya kadhaa ndani ya ganda moja). Ule waya mwisho wake ni ampea 55, hautoshi breka ya 60 kwa mzigo wa namna hiyo. Kwa 48 ama upandishe waya, ama upitishe waya namba 6 za THHN (waya mmoja mmoja) ndani ya paipu.

Kosa la pili ni soketi ya bei rahisi ya 14-50, ile kubwa ya jiko la umeme. Imetengenezwa kwa jiko linalowaka na kuzima, siyo kuvuta ampea 32 au 40 saa nane mfululizo. Skrubu zikiwa hazijakazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye soketi, sehemu ile inapata moto, plastiki inabadilika rangi na kuwa kahawia, mwishoni inayeyuka. Ukiweza, unganisha chaja moja kwa moja kwenye waya bila soketi. Na chukua kibali cha jiji, mkaguzi apite. Moto wa gereji hauna mchezo.

Dereva_I35

Kwa upande wa barabarani: Lightning inaruhusiwa kwenye Supercharger, chaja za kasi za Tesla, tangu mwanzoni mwa 2024, unahitaji adapta ya NACS (plagi ya Tesla), na ni zile za toleo la V3 na V4, za V2 hazikubali. Kebo za V3 ni fupi na zimepangwa kwa tundu la nyuma, hivyo Lightning mara nyingi inakula nafasi mbili. Chagua nafasi ya pembeni.

Baridini weka kituo kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari lenyewe, ili lianze kupasha betri kabla hujafika. Betri baridi haipokei chaji ya kasi, utakaa muda mara mbili. Na ukilala Duluth, chaji jioni ile ile unapofika betri ikiwa bado ina joto. Ukiiacha mpaka asubuhi utajuta.

Kabla ya kulipia gari lililotumika, pima betri. Chaji mpaka asilimia 100, endesha mpaka 40, soma uniti zilizotumika kwenye skrini ya safari, gawanya kwa 0.6. Lightning kubwa ikikupa 125 au zaidi ni nzima. Ikikupa 110, shusha bei au ondoka. Dhamana ya Ford ni miaka 8 au maili 100,000, na inalipa betri ikishuka chini ya asilimia 70 tu, kwa hiyo iliyochoka kiasi inabaki mzigo wako.

Mtanga_MN

Nimeelewa. Silverado naitoa. Nikibadilisha trela ya boksi kuwa ya wazi, bado kuna haja ya Lightning kubwa?

Mama_Zawadi

Piga hesabu hii. Ndogo, kutoka 100 mpaka 10, ni uniti 88. Kwa 1.4 ni maili 123. Duluth ni 150 na ushei, kwa hiyo kituo kimoja. Usisubiri betri iishe: Hinckley iko karibu katikati ya njia, simama hapo au karibu na hapo, ongeza uniti 35 hadi 40, endelea. Kubwa, 118 kwa 1.4 ni 165, unafika kiangazi bila kusimama kama upepo hauko mbele, ila ujue utachaji hukohuko Duluth kabla ya kurudi.

Baridini hukati nyasi. Kama trela ya Januari ni vifaa vya usafi tu, vingi vinaingia kwenye sanduku la nyuma ukiweka kifuniko, na safari inakuwa ya gari bila trela kwa 1.5 hivi. Hapo ndogo inafika na kituo kimoja, kubwa inafika bila kusimama kama upepo hauko mbele. Ukiweza kuishi na kituo hicho kimoja, nunua ndogo. Kama wateja wa Duluth wanakutaka saa moja asubuhi na kuchelewa kunakupotezea mkataba, ongeza hela uchukue kubwa. Ila kwenye zote mbili soma kwanza kibandiko cha mlango wa dereva kuhusu uzito wa kubeba, maana asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela inakaa kwenye ndoana na inahesabiwa pamoja na watu na vifaa vyako.