Ulinganisho: "shame", "shameless" au "disgraceful"? Barua inatoka kesho

Katibu_Ghorofani
Wakuu, salaam. Mwenye nyumba wetu anaishi nje na Kiswahili hakijui. Lifti imekufa, huu mwezi wa tatu, na juzi bibi wa ghorofa ya nne ilibidi vijana wamshushe kwa kiti ili awahi kliniki. Kwa Kiswahili ningeandika "hii ni aibu" nikamaliza. Kwa Kiingereza nina rasimu tatu:
1. This is a shame.
2. You are shameless.
3. This is disgraceful.
Ipi itamchoma bila sisi kuonekana wahuni?

MfasiriWaZamu
Ya kwanza futa sasa hivi, mkuu. "A shame" ni masikitiko tu. Mtu akikosa harusi anaambiwa "it's a shame you missed it", yaani laiti ungekuwepo. Mwenye nyumba atasoma "inasikitisha", atakunywa chai yake na kuendelea na mambo yake. Ajabu ni kwamba ukiondoa hako ka-"a", neno linageuka rungu: wabunge wa Uingereza humzomea mwenzao kwa "Shame!" peke yake, na "shame on you" ndiyo "aibu yako" tunayoijua.

Ya pili inampiga mtu. "Shameless" ni mtovu wa haya, mwenye uso mkavu. Ukishamwita hivyo, ataijibu hiyo tusi na lifti ataisahau. Kinachopiga kitendo ni "shameful". "Disgraceful" nayo ina fedheha ndani yake, heshima iliyovuliwa mbele za watu. Mimi naichukua ya tatu.

Johari_Durban
Hakikisheni kwanza huyo mwenye nyumba siyo Msauzi 😂 Mwaka wangu wa kwanza huku niliteleza kwenye ngazi, mama mmoja akanikimbilia: "Shame!" Nikanuna wiki nzima. Kumbe alikuwa ananipa pole. Hata kichanga kikipendeza wanasema "ag shame".

Kamau254
Kwa nini usitumie "deplorable"? Iko na uzito wa taarifa ya serikali.

MfasiriWaZamu
Kwa hali ya jengo inafaa: "the lift is in a deplorable condition". Kwa watu, hapana. Mwaka 2016 Hillary Clinton aliwaita nusu ya wafuasi wa Trump "basket of deplorables", yaani kapu la watu wa hovyo. Wenyewe wakaliandika neno hilo kwenye fulana wakalivaa kwa maringo. Tusi likishavaliwa halina kazi tena.

Neema_wa_Pili
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nilimwandikia bosi "I am ashamed to speak in meetings". Akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza nimefanya kosa gani. Nilimaanisha naona aibu kuongea tu!

Mzee_Mwambao
Mwanangu, hapo ulikuwa "shy". Kiswahili cha siku hizi kimeibebesha "aibu" mizigo yote. Zamani tuliigawa. Haya huja kabla ya tendo, ndiyo breki. Aibu huja baada yake. Fedheha ni pale mtaa mzima umeshajua. Waingereza nao wana migawanyo yao, ila wamekata kwingine. Zipu ikiwa wazi mbele za watu, wewe ni "embarrassed", na usingekuwa na mtazamaji usingejali. Ukimdhulumu yatima, "ashamed" itakuamsha usiku wa manane ukiwa peke yako chumbani. "Guilty" ni kule kuwa na hatia, hata kama uso hauonyeshi chochote.

Na ewe Katibu, usije ukaandika "naughty". Zamani lilikuwa neno zito la uovu, leo ni mtoto aliyemwaga uji. "Wicked" ndiyo kabisa, vijana wa London wakikuambia hivyo wanakusifu.

Neema_wa_Pili
Shikamoo mzee. Kumbe bosi alidhani nimeiba.

Mzee_Mwambao
Marahaba. Alikuwa na haki ya kudhani.

Kamau254
Bado nauliza, kwani "unacceptable" ina shida gani? Ukisema "disgraceful" unamwambia aone aibu. Ukisema "unacceptable" unamwambia atengeneze. Nyinyi mnataka nini, aibu yake ama lifti?

Katibu_Ghorofani
Vyote viwili, kaka 😅

MfasiriWaZamu
Basi anza na tukio, tarehe na ghorofa, ndipo uweke neno moja tu. Ukipanga "shameful, disgraceful, deplorable" kwenye mstari mmoja, atajua umefungua kamusi.

Katibu_Ghorofani
Mrejesho: kamati imepiga kura jioni hii. "Disgraceful" kura 9, "unacceptable" 4. Tukamuuliza na bibi mwenyewe, maana habari ni yake. Akasema hayo maneno tuyajue sisi, ila tusisahau kuandika kwamba kiti kilikuwa cha plastiki, na mguu mmoja ulikuwa umepasuka.