Vyombo vya habari viache kabisa pesa za serikali?

Kalamu Nyekundu: Machi 2024 serikali ya Kenya iliagiza matangazo yake ya redio na runinga yapelekwe KBC pekee, shirika lake la utangazaji. Kampuni zenye magazeti na runinga pamoja zikalia. Mimi nasema heri. Anayekununulia unga utamwambiaje kwamba unga wake una wadudu? Ziache kabisa pesa hizo, hata uchumi ukibana vipi.

Mama Hesabu: Kalamu, linaloua si tangazo, ni deni. Wizara inatoa oda, tangazo linachapwa, gazeti linapeleka ankara pamoja na nakala ya ukurasa. Ankara ikishatoka, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% inadaiwa na KRA, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Tangazo la shilingi 500,000 lina VAT ya 80,000. Gazeti linaitoa mfukoni, linaipa serikali ileile ambayo haijalipa hata senti. Rudia hivyo miezi sita uone kama mwandishi wa Turkana atapata nauli. Na mhariri anayengoja hundi ya wizara ataisogeza kashfa ya wizara hiyo hadi ukurasa wa 14.

Fundi Mtambo: Halafu wapo wanaosema gazeti likikosa pesa lipunguze kurasa. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo huwezi kutoa mbili. Unashuka kutoka 48 hadi 44 au 40, na zinazotoka kwanza ni za kaunti kwa sababu hazina matangazo. Lakini hasara nyingine iko barabarani: wauzaji wanakodisha gazeti kwa shilingi kumi, jioni linarudishwa kana kwamba halikuuzwa. Huo ni wizi.

Kona ya Gazeti: Wizi? Pima maneno yako, ndugu. Muuzaji anaishi kwa kamisheni ndogo ya kila nakala, na mvua ikinyesha saa moja asubuhi siku imekwisha. Anayekodisha anatafuta kurasa za nafasi za kazi. Hana bei ya gazeti zima.

Fundi Mtambo: Nakala iliyosomwa inajulikana. Kona ya chini kulia imelainika kwa vidole, mkunjo wa katikati umehama, fumbo la maneno limejazwa nusu kwa penseli na kufutwa. Wino, karatasi na gari la usiku vimeshalipwa. Anayebeba hasara ni nani?

Kona ya Gazeti: Mbona hao wanaosambaza gazeti zima kwenye WhatsApp kabla ya saa kumi na mbili hamuwaiti wezi? Mnamwona maskini wa kibandani tu!

Kalamu Nyekundu: Jamani, niliuliza kuhusu serikali. Tarehe 25 Juni 2025 runinga za NTV na KTN zilizimwa kwa agizo la mamlaka ya mawasiliano ya serikali zikionyesha maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Kifungu cha 34 cha Katiba kinakataza serikali kuingilia vyombo vya habari.

Mama Hesabu: Ndiyo maana nasema ilipe madeni. Asiye na akiba atamlipa wakili kwa nini siku akizimwa?

Fundi Mtambo: Sawa dada, lakini Kona hajanijibu. Nakala ikikodishwa mara nane kwa siku, hizo shilingi themanini ni za nani?

Kona ya Gazeti: Za aliyesimama juani tangu alfajiri.