Mjadala: Je, Mtaa wa India, Bagamoyo, utengwe kuwa mtaa wa wasanii?

Mleta mada

Wapo kati yetu wanaopendekeza kwamba Mtaa wa India, pamoja na magofu yanayopakana nao, ugeuzwe kuwa mtaa rasmi wa wasanii ili kuvuta watalii, na mfano wanaoutoa ni Montmartre, kile kilima cha kaskazini mwa Paris ambako wachoraji Renoir, Suzanne Valadon na Picasso walifanyia kazi. Mimi napinga. Mfano wenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba wanaoutoa wanausoma kuanzia mwisho.

Montmartre haikujazwa wachoraji na mpango wa mtu yeyote. Hadi mwaka 1860 ilikuwa kijiji nje ya mipaka ya Paris, mvinyo wake haukutozwa ushuru wa jiji, na hata baada ya kuunganishwa na jiji, kodi ya pango iliendelea kuwa ya chini. Mwaka 1904 Picasso alihamia Bateau-Lavoir, jengo bovu la mbao ambamo wapangaji wote walitegemea bomba moja la maji, na humo ndimo alimochora kazi zilizobadili sanaa ya karne nzima. Kilima kilipopata jina, wageni wakaongezeka, maisha yakapanda bei, na wachoraji wakaanza kuhamia Montparnasse, mtaa mwingine wa Paris ng'ambo ya pili ya mto Seine. Picasso mwenyewe alihamia huko mwaka 1912. Leo anayetaka kuchora katika uwanja wa Place du Tertre huomba kibali cha jiji, na kazi kubwa pale ni kuchora sura za watalii.

Juzi nilikaa barazani kwa mchongaji mmoja jirani na Mtaa wa India. Alikuwa akipiga msasa ngoma ya mkongo, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, na kila baada ya dakika chache aliinuka kumfukuza mbuzi aliyekuwa akilamba ngozi iliyoanikwa, ngozi ya mwenzake bila shaka. Kodi ya fremu yake hulipwa miezi sita kwa mkupuo. Ikipanda maradufu kwa sababu mtaa umetangazwa, wa kwanza kufungasha patasi zake ni huyo huyo ambaye mtaa umetangazwa kwa jina lake.

Mchangiaji, mkazi wa Dunda

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusoma kwa makini, lakini umezungumzia kodi ya fremu ukasahau fremu yenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe zisipopakwa chokaa hunyonya maji ya mvua, boriti za mikoko zikaoza, dari ikashuka. Kuna nyumba ninayopita kila asubuhi ambayo mti umeota ukutani, na mizizi yake imefika kwenye fremu ya mlango wa nakshi. Montmartre imejaa watalii, sikatai, lakini nyumba zake zimesimama.

Pili, wasanii hatuwaagizi. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, nacho ndicho TaSUBa ya leo, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vijana wanajifunza ngoma, uchongaji na uchoraji papa hapa, kisha wengi wanapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta wateja. Wakati wa tamasha la sanaa la kila mwaka mji hufurika watu. Likiisha, tunarudi kuhesabu mawimbi. Kilima hatuna, ni kweli, lakini ufukwe tunao.

Mleta mada

Marahaba, mwanangu. Kuhusu chokaa umenishinda, na sitabisha. Basi tuuchukue mfano huo huo mahali unapotufaa. Bateau-Lavoir iliungua mwaka 1970, na ilipojengwa upya kwa zege mwaka 1978, ndani yake viliwekwa vyumba vya kazi kwa ajili ya wasanii. Kama pendekezo la Mtaa wa India lingeanza na vyumba vya namna hiyo, yaani magofu machache yakarabatiwe kwa fedha za umma na wachongaji wapangishwe kwa mkataba mrefu wenye kodi isiyopandishwa kiholela, ningeliunga mkono leo hii. Lakini yote niliyoyasikia yanaanza na mikahawa, taa na vibao. Gofu lenye warithi kumi waliotawanyika kati ya Unguja na Dar es Salaam litakarabatiwa kwa idhini ya nani, na baada ya ukarabati huo funguo atakabidhiwa nani? Wenye pendekezo wajibu hilo kabla ya kununua taa.