Naomba ushauri: jirani tuliyetengana naye kwa siasa ameniita

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Baada ya uchaguzi wa 1995, marehemu baba na jirani yetu, waliokuwa wakichuma karafuu pamoja, waligawika kwa vyama hata wakaacha kuzikana. Maridhiano ya 2009 baina ya Rais Amani Karume wa Zanzibar (CCM) na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyokubali serikali ya umoja wa kitaifa, yaliwapatanisha viongozi, lakini mlangoni petu hakuna aliyekuja kuomba radhi. Sasa jirani yuko kitandani, mgonjwa, na ameniita. Mama anasema nisiende mpaka aombe radhi kwanza (ingawa yeye naye, nakiri, alitukataza kununua dukani kwao). Je, niende peke yangu, au na mzee wa mtaa awe shahidi? Na je, ninaweza kusamehe kwa niaba ya marehemu?