Kalibu ya kichwa chenye tundu au kichwa bapa, kwa kuwinda na bastola?

NyikaNjema
Wakuu, habari zenu. Nataka kununua kalibu yangu ya kwanza ya kusubu vichwa vya risasi nyumbani, kwa ajili ya kuwinda na bastola. Zimebaki mbili. Moja inatoa kichwa chenye tundu puani, nyingine kichwa bapa cha kawaida. Yenye tundu ni ghali zaidi na ina pini zake za kutengenezea tundu hilo. Fedha ninayo ya moja tu, na muuzaji amekubali kuniwekea hadi mwisho wa wiki. Nichukue ipi?

MzeeChungu
Kijana, bastola gani? Mnyama gani? Umbali gani? Risasi yako unaitoa wapi? Risasi ya kuezekea mapaa na ile ya balansi za tairi, vile vizito vya kusawazisha gurudumu, hazifanani kabisa. Usiposema, kila mtu atakujibu kwa bastola yake mwenyewe.

Na tuelewane mapema, maana lugha yetu vyote inaviita risasi. Mimi nikisema risasi nina maana ya madini. Kinachotoka mtutuni nakiita kichwa.

PuaPana
Hata bila majibu hayo, chukua bapa. Elmer Keith, yule mwindaji na mwandishi wa Marekani wa habari za silaha, alikuwa akiwinda na vichwa bapa vya kusubu miaka mingi kabla .44 Magnum, ile saizi ya bastola yenye nguvu, haijatoka mwaka 1955, na umbo lake bado linasubiwa mpaka leo. Pua pana inakata nyama, inapita upande wa pili, na unapata matundu mawili ya kuvujisha damu ya kufuatia. Haitegemei kichwa kifunguke. Tundu linategemea mambo matatu yaende sawa kwa pamoja: mwendo, ulaini wa risasi na mahali ulipopiga. Mimi sipendi kitu cha kutegemea mambo matatu.

BintiNta
PuaPana, hayo mawili ya kwanza mtu anaweza kuyapanga mwenyewe jikoni, na ndiyo sababu tunasubu. Changanya risasi safi sehemu 20 na bati sehemu 1, bati la kulehemu, siyo mabati ya kuezekea. Ugumu wake unafika kama 10 kwa kipimo cha Brinell, risasi safi ikiwa 5. Kwa mwendo wa bastola wa kawaida, kichwa kinafunguka kama ua na hakivunjiki. Wanaolalamikia tundu wengi wametumia aloi (mchanganyiko wa madini) ngumu ya herufi za uchapaji, ile yenye ugumu wa 22 hivi iliyojaa antimoni, madini yanayoifanya risasi iwe ngumu. Hiyo haifunguki, inapasuka vipande kama kigae.

Kazi iko kwenye pini. Pini ikiwa baridi, pua inatoka na makunyanzi. Mimi naloweka ncha ya kalibu kwenye risasi iliyoyeyuka mpaka ipate moto, halafu nasubu harakaharaka bila kusimama kukagua kila kichwa. Ukisimama, pini zimepoa tena. Vichwa kumi vya kwanza virudishe chunguni bila huruma.

Mfuatiliaji
Nisimulie yangu, kisha kila mtu aamue.

Nilikuwa na rivolva ya .357, mtutu wa inchi 4, na vichwa vya tundu nilivyosubu kwa risasi laini sana, karibu safi. Nilivijaribu kwenye magaloni ya maji na vilifunguka vizuri mno. Nilifurahi, nikavionyesha kwa kila aliyenitembelea. Jioni moja akatoka nguruwe dume, hatua 25, amesimama mshazari kuniangalia. Nikampiga begani. Aliyumba, akaingia kichakani.

Hakukuwa na damu. Tundu moja tu la kuingilia, na mafuta yalikuwa yameliziba. Tulimtafuta kwa tochi mpaka usiku wa manane, tukarudi alfajiri, tukampata saa nne asubuhi, akiwa hai. Nilimmaliza kwa mikono inayotetemeka. Tulipomchuna tukakiona kichwa kimefunguka chote ndani ya lile gamba gumu la bega ambalo dume huwa nalo, kikawa bapa kama kifungo. Hakikufika mbavuni. Maji ya galoni hayana gamba wala mfupa.

Mnyama yule aliteseka usiku kucha kwa sababu nilichagua kichwa kwa jinsi kilivyopendeza mezani. Silaumu tundu peke yake. Kilikuwa chepesi, laini kupita kiasi, na nilipiga pembe ambayo sikupaswa kupiga. Lakini tangu siku ile kwa nguruwe natumia bapa kizito, na nangoja ageuke ubavu.

BintiNta
Pole sana ndugu. Nakubali kwa dume la nguruwe. Kwa paa mwenye mbavu nyembamba bado nasimama na tundu, maana bapa kigumu kinaweza kupita katikati ya mbavu mbili na mnyama akakimbia mbali kabla hajaanguka.

PuaPana
Kwa hiyo tumerudi kwa mnyama. Mwenye uzi yuko wapi?

NyikaNjema
Samahanini, nilikuwa kazini. Rivolva ya .44 Magnum, mtutu wa inchi 6. Nguruwe hasa, mara mojamoja paa. Sipigi zaidi ya mita 40. Kibali ninacho, na sheria ya hapa inaruhusu kuwinda na bastola. Risasi ninayo ya shuka za paa la zamani, na rafiki ameniahidi betri za gari zilizokufa.

MzeeChungu
Betri ACHA. Hilo siyo jambo la kuchagua. Ukiacha tindikali, sahani za betri za sasa zina kalsiamu, na nyingi zina antimoni na aseniki. Makapi yake, ule uchafu unaoelea juu ya risasi iliyoyeyuka, yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi ya arsini, ambayo inaua. Zipeleke wanakopokea betri chakavu.

Shuka za paa ni nzuri, lakini zikauke kabisa. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Tone la maji likizama chini yake linageuka mvuke papo hapo na chungu kizima kinaruka usoni mwako. Vaa miwani, viatu vya ngozi na suruali ndefu. Vipande vipya usivitumbukize kwenye chungu kilichokwisha kuyeyuka. Vianzishe kwenye chungu baridi, vipate moto pamoja nacho.

Tairi_Kuukuu
Mzee, balansi za tairi ndizo zilizonilea mimi. Zina antimoni kidogo, unaongeza bati kidogo, mambo yanakwenda.

MzeeChungu
Zilikuwa hivyo. Siku hizi nyingi ni zinki au chuma. Zinki kidogo tu ikiingia, risasi inakuwa nzito kama uji na kalibu haijai. Ukiwa nazo, tumia kipimajoto na usipandishe karibu na nyuzi 419, zinki itaelea juu uichote na upawa.

Tairi_Kuukuu
Mimi sijawahi kutumia kipimajoto na vichwa vyangu vinatoka safi.

BintiNta
Na siku utakayochanganya zinki utatupa kilo 10 nzima.

Shangazi_wa_Pori
Jamani mnazungumza nguruwe na bati, hakuna aliyetaja watoto. Unasubu wapi, NyikaNjema? Jikoni hapana. Fanya nje au penye hewa inayopita, usile wala kuvuta sigara ukishika risasi, nawa mikono kwa sabuni, na nguo za kazi zisifuliwe na za watoto. Vumbi la makapi ndilo linalosumbua kuliko moshi.

Halafu nyama. Kichwa laini cha tundu kinaacha vipande vidogo vya risasi kuzunguka jeraha. Mimi nakata na kutupa sehemu pana kuzunguka tundu. California walipiga marufuku risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, sababu kubwa ikiwa kondori, ndege wakubwa wala mizoga, waliokuwa wakifa kwa kula mabaki yenye sumu. Utumbo na nyama iliyoharibika mimi nafukia.

PuaPana
Shangazi, kwa hilo bapa kinashinda tena, kinaacha vipande vichache.

Shangazi_wa_Pori
Vichache siyo sifuri. Fukia.

Mfuatiliaji
NyikaNjema, kabla ya kalibu yoyote, pima vyumba vya silinda yako kule mbele vinakotokea vichwa. Kichwa kinachopwaya pale kitapaka risasi mtutuni, kiwe cha tundu au bapa, na utasugua wiki nzima. Kinatakiwa kipite kwa kusukumwa na kidole, kwa kubana kidogo. Tena kuna kalibu zenye pini za kubadilisha, pini ya tundu na pini bapa, kalibu ileile. Muulize muuzaji kama hiyo ya ghali ni ya aina hiyo.

PuaPana
Kama ni hiyo, sawa. Ataweka pini bapa na hatazitoa tena.

BintiNta
Atazitoa akimwona paa.

NyikaNjema
Asanteni nyote. Betri nimezikataa. Shuka za paa nimezikwaruza kwa penseli, nasikia ndiyo njia ya kupima ugumu bila kifaa, na hata penseli laini kuliko zote nilizonazo imezichana, kwa hiyo nadhani ni risasi safi. Bati sina bado. Muuzaji nimemwuliza habari ya pini, hajajibu. Silinda nitaipima kesho.

Tairi_Kuukuu
Bati lipo kwenye waya wa kulehemu wa mafundi redio. Angalia maandishi, mwingine ni karibu bati tupu, mwingine umechanganywa na risasi.

Mpya_Kwenye_Kazi
Samahanini kuingilia. Chungu changu kina bomba la chini na linadondosha hata likifungwa. Ni uchafu umekwama, au joto limezidi?