Bunduki ya upepo: BSA ya zamani au HW35 ya Mjerumani kwa sungura wa shambani? Naomba mawazo kabla sijalipa

MpunguziKijani
Wakuu habari za jioni. Nina ekari mbili za zabibu huku Mpunguzi, Dodoma, miche nilipanda Desemba. Tangu mvua zikatike, sungura wananimaliza. Pori lote limekauka, kijani kilichobaki ni miche yangu tu kwa sababu naimwagilia. Juzi nimehesabu miche 37 imekatwa.

Nimepata bunduki mbili za upepo, zote za springi, nataka kuchukua moja. Ya kwanza ni BSA ya mzee mmoja mstaafu kule Kongwa, anasema ililetwa na Waingereza wa mradi wa karanga. Kitako kimechakaa ila mtutu uko safi. Ya pili ni HW35, iko hapa mjini Area C, jamaa aliirithi kwa baba yake aliyesoma Ujerumani. Hiyo ukiishika hutaki kuirudisha. BSA laki tatu na nusu, HW35 laki sita.

Wenye uzoefu, nichukue ipi? Na je, kuna namna ya kuitengeneza ipige kwa nguvu zaidi?

FundiLeithi
Mkuu, umetupa bei na uzuri wa mbao, yale ya muhimu umeyaacha. Kipenyo cha mtutu ni milimita 4.5 au 5.5? BSA ni kiwanda, wametengeneza bunduki za upepo za aina nyingi, hiyo ni ipi? Unaikoki, yaani unaikaza springi, kwa kuvunja mtutu (kuukunja chini) au ina wenzo chini ya mtutu? Utapiga kutoka hatua ngapi? Na hiyo HW35, angalia juu ya silinda kama kuna herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Bila hayo sote tunabahatisha.

KaratasiKwanza
Kabla ya kipenyo, karatasi. Ndugu yangu, usije ukajitetea kwamba "ni ya upepo tu". Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Nenda kituo cha polisi cha wilaya, waeleze unataka kununua nini na kwa nani, wakuambie utaratibu kabla hujatoa hata shilingi. Huyo aliyeirithi naye akuoneshe anaimiliki kwa karatasi gani. Kurithi saa ya baba na kurithi bunduki ni vitu viwili.

La pili ni sungura wenyewe. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma chini ya Rais, hata akiwa katikati ya mistari yako ya zabibu. Pita kwa afisa wanyamapori wa wilaya umweleze uharibifu unaoupata. Na usidanganywe na wanaokwenda usiku na kurunzi, hilo ni kosa.

MpunguziKijani
Asanteni sana. KaratasiKwanza, Jumatatu nitapita polisi, sikuwa nimelifikiria hilo. FundiLeithi, BSA ni 5.5, unavunja mtutu, na pembeni imeandikwa METEOR. HW35 ni 4.5. Nimetumiwa picha sasa hivi: kweli kuna F ndani ya kitu kama kinyumba chenye pembe tano. Inamaanisha nini?

MjukuuWaKongwa
Kabla fundi hajajibu, niweke historia sawa. Mradi wa karanga Kongwa ulianza 1947 na ukaachwa 1951. Meteor ilianza kutengenezwa 1959. Haiwezekani ilikuja na watu wa karanga. Kama ingekuwa Airsporter, ile ya wenzo chini, ningekubali, maana hiyo ilianza 1948. Babu yangu alifanya kazi kwenye reli ya mradi na alikuwa akitusimulia habari za wazungu kupiga kanga jioni. Mzee wako hadanganyi, huenda aliinunua kwa mmishonari au mwalimu aliyekuja baadaye na hadithi zikachanganyika. Tafadhali muulize aliipata kwa nani, ningependa kujua.

FundiLeithi
Alama ya F ni ya soko la Ujerumani. Kule bunduki ya upepo inayouzwa bila kibali haizidi nguvu ya joule 7.5. Uingereza kikomo ni futi-pauni 12, yaani joule 16.3. Kwa hiyo hiyo HW35, pamoja na uzuri wake, huenda inapiga chini ya nusu ya mwenzake wa Uingereza. Kwa joule 7.5 mimi simlengi sungura zaidi ya hatua kumi na tano, na sungura wetu hakuachi umkaribie hivyo.

Mara nyingi tofauti ni springi laini tu, ukiweka ya nguvu kamili inakuwa bunduki nyingine. Lakini hapo umebadilisha silaha, rudi kwa KaratasiKwanza.

PeletiKubwa
Chukua Meteor, usiumize kichwa. Peleti (kirisasi chake) ya 5.5 ina uzito wa gramu moja hivi, ya 4.5 ni kama nusu gramu. Ile kubwa hata ikienda polepole ikigonga unasikia "tapu", na sungura hainuki. Ila kwa mitutu ya zamani ya Uingereza tafuta peleti zilizonenepa kidogo, zile za kisasa za 5.52 zinaweza kupwaya. Isukume kwa kidole gumba: ikizama bila kukugomea, ni nyembamba.

NneNaNusu
Sikubaliani. Sungura hafi kwa kipenyo, anafa kwa mahali. Peleti ya 4.5 njia yake imenyooka zaidi, ukikosea umbali kwa hatua tano bado uko kwenye kichwa. Ya 5.5 inashuka upesi, ukikosea hizo hatua tano umempiga taya. Na HW35 ina ile komeo ya kufunga mtutu, ukiufunga unarudi palepale kila mara, na kifyatulio chake, aina ya Rekord, kinakatika kama fimbo ya kioo. Meteor ni bunduki nzuri ya kumfundishia kijana, ila kifyatulio chake ni kigumu.

PeletiKubwa
Kijana gani? Mimi nimetumia Meteor miaka kumi na moja Mvumi.

NneNaNusu
Na mimi nakuheshimu kwa hiyo miaka, ila kifyatulio ni kigumu.

BahiRoad
Naomba nieleze yangu kwa kirefu, kwa sababu mwenzetu ameuliza habari ya nguvu na hapo ndipo mimi nilipoangukia.

Nilikuwa na ya Kijerumani, ya kuvunja mtutu, 5.5. Ilikuwa nzuri. Hatua ishirini na tano naweka peleti tano ndani ya kifuniko cha soda. Nikaitamani ifike hamsini. Nikapata springi nene na ndefu kwa jamaa mmoja. Kufungua hatukuwa na klampu (kifaa cha kubana), mwenzangu akawa anakandamiza kifuniko cha nyuma kwa kiganja, mimi natoa pini. Pini ilipotoka, kifuniko kilimpiga kwenye kidole gumba, kucha ikaondoka yote. Ningeacha hapo.

Sikuacha. Nikaifunga hiyo springi, halafu nikaambiwa niweke oili ili sili, ile inayozuia hewa isivuje, isikauke. Nikamimina oili ya pikipiki kwenye tundu la hewa. Mlio wa kwanza ulikuwa kama wa baruti, mbwa wa jirani wote wakaamka, moshi wa bluu ukatoka mtutuni na harufu ya bodaboda iliyochoka. Nikafurahi, nikidhani ndiyo nguvu niliyoitafuta. Kumbe oili ilikuwa inawaka ndani ya silinda kwa joto la mgandamizo, kama injini ya dizeli, na kila mlio unasukuma peleti kwa kasi tofauti. Ile ya soda ikaisha. Hatua ishirini na tano nikawa natafuta sahani.

Na bado nikaenda kuwinda nayo. Jioni moja sungura akasimama hatua kama arobaini, masikio juu. Nikapiga, ikampata nyuma. Alilia. Aliyewahi kumsikia sungura akilia anajua, ni sauti ya mtoto mchanga. Akaingia kwenye minyaa, nikamtafuta mpaka giza. Nilimpata asubuhi, siafu wameshamfikia, na nyuma yake kuna mfereji mdogo kwenye vumbi mahali alipojivuta na mguu uliovunjika. Wiki mbili baadaye springi ikakatika vipande vitatu. Sijaitengeneza tena.

Kwa hiyo MpunguziKijani, nakuomba, usianze na nguvu.

FundiLeithi
BahiRoad ameniokolea nusu ya maelezo, pole sana kaka.

Bunduki ya springi haina nguvu ya kuongezwa ovyo. Springi inasukuma pistoni, pistoni inabana hewa, hewa inasukuma peleti. Pistoni inatakiwa itue mwisho wa silinda juu ya mto wa hewa. Ukiweka springi kali kupita kiasi inagonga chuma kwa chuma. Na sisi Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, mto wenyewe umeshakuwa mwembamba.

Kinachofaa ni kuilainisha. Ifungue kwa klampu ndefu ya seremala au jeki ya mkono, usifungue kwa kiganja. Safisha grisi yote ya zamani, utakuta imeganda kama ulimbo, na vumbi letu limo ndani. Ncha za springi zisugue kwa msasa kisha zing'arishe. Ingiza kiongozi cha springi, yaani kijiti cha plastiki ngumu, ndani ya springi, kibane bila kung'ang'ania. Mimi nakichonga kwenye leithi (mashine ya kuchongea) kwa nusu saa, na ule mlio wa "twaaang" unaisha, inabaki "tup". Grisi ya moly (yenye molibdeni), kidogo sana, kama unapaka mafuta midomo. Sili kama ni ya ngozi, matone mawili ya mafuta yanayofaa, ilale usiku mzima imesimama. Zile HW35 za zamani nyingi ni za ngozi.

Halafu kipimo cha bure: weka kipande cha tishu juu ya kiungo cha mtutu, piga. Ikiruka, sili ya mtutu inavuja, na hapo ndipo nguvu zako zinapopotelea. Kaza skrubu za kitako, bunduki nyingi ninazoletewa "zimeharibika mtutu" zilikuwa na skrubu zimelegea. Na usiikabe. Ilaze kwenye kiganja kilicho wazi iruke inavyotaka, kila mara namna ileile.

Mkono usiutoe kwenye mtutu uliovunjwa wakati unaweka peleti. Kifyatulio kikiachia, mtutu unarudi kwa nguvu yote ya springi.

NneNaNusu
Hapo kwenye kuilaza kiganjani ongeza mara mbili. Na asiifunge darubini ya bei rahisi. Springi inaruka nyuma kisha mbele, darubini zisizotengenezwa kwa ajili yake zinavunjika ndani. Aanze na vionea vyake vya chuma.

MamaMche
Wanangu, nimewasoma wote. Mimi ninalima zabibu Hombolo, na siioni sababu ya laki sita hapa. Kila mche nimeuvalisha wavu wa kuku, duara, kimo cha mikono miwili hivi, vijiti viwili, basi. Sungura anapita, ananusa, anaondoka. Bunduki inamwondoa huyu, kesho anakuja ndugu yake. Wavu unafanya kazi hata mimi nikiwa msibani.

Lakini nina swali, MpunguziKijani. Umemwona sungura akikata, au umeona miche iliyokatwa tu? Hebu angalia jeraha lenyewe.

MpunguziKijani
Shikamoo mama. Sungura nimewaona jioni, watatu, wanapita kwenye mistari. Wakikata sijawaona. Jeraha linatofautianaje?

MamaMche
Marahaba. Sungura ana meno ya mbele juu na chini. Anakata mshazari, safi, kama umekata kwa kisu, na ni chini karibu na ardhi. Digidigi hana meno ya mbele juu. Anavuta na kunyofoa, ncha inabaki imechanika, ganda linaning'inia. Naye anafika juu zaidi.

KaratasiKwanza
Mama ameuliza swali lililotakiwa kuulizwa mwanzo. Kama ni digidigi, bunduki ya upepo isiwepo kabisa kwenye mazungumzo. Mnyama yule kwa peleti ni mateso tu, na kisheria unajiingiza pabaya.

PeletiKubwa
Hata hivyo sungura watatu amewaona kwa macho. Meteor bado ina kazi.

MpunguziKijani
Nimerudi kutoka shambani sasa hivi. Nimekagua mistari minne. Miche kama kumi imekatwa kama mama alivyosema, mshazari, chini. Mingine yote imechanika kwenye usawa wa goti, ganda linaning'inia. Nimeshika mmoja mkononi hapa, nyuzi zinaonekana.

MjukuuWaKongwa
Basi una wageni wa aina mbili. Mzee wa Kongwa umeshamuuliza aliipata kwa nani?

FundiLeithi
Ukiamua kuiacha HW35, nijulishe faragha. Nataka kuifungua niione ndani, hata kama siinunui.

BahiRoad
Mkuu, tazama pia kinyesi. Cha sungura ni vidonge vya mviringo, vimetawanyika. Digidigi anarudi mahali pamoja kila siku, anaacha rundo.

MpunguziKijani
Rundo lipo. Chini ya mgunga kwenye kona ya korongo. Nilikuwa nadhani ni mbuzi wa jirani. Mama, roli moja ya wavu inatoa duara ngapi?